Zinki Isiyopata pa Kutokea: Uchambuzi wa Kisa cha Sakafu ya Gari la Wagonjwa Iliyochomelewa kwa Leza

Karakana na gari lenyewe

Karakana ya kisa hiki iko katika mji mmoja wa viwanda mashariki mwa Uganda. Jina lake, majina ya wafanyakazi na chochote kinachoweza kuitambulisha vimeondolewa kwa makubaliano na wenyewe. Mimi nilikuwapo kama mshauri wa ubora wa mishono.

Kazi ya karakana ni kujenga bodi za magari. Chasisi na kabini hutoka nje kupitia Mombasa na Malaba, na sehemu ya nyuma hujengwa hapo hapo. Wakati wa kisa hiki ilikuwa na oda ya magari ya wagonjwa.

Sakafu ya gari la wagonjwa ina maisha magumu kuliko ya gari lolote la abiria. Damu na matapishi humwagika juu yake, na baada ya kila mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza huoshwa kwa maji ya klorini. Uganda inalijua hilo vizuri. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende Septemba 2022 na kumalizika Januari 2023, magari ya namna hii yalioshwa tena na tena kwa klorini ya asilimia 0.5, na klorini hula chuma. Hata kukiwa na zulia la plastiki juu, maji hupenya kwenye pembe na kukaa kwenye maungio. Ndiyo maana karakana iliamua kwamba sakafu na kuta za chini zitakuwa za bati lililopakwa zinki, geji 18, yaani unene wa takriban milimita 1.2.

Kabla ya hapo mafundi walitumia mashine ya kuchomelea ya waya na gesi. Kwenye bati la zinki joto la mashine hiyo huunguza mpako kwa milimita kadhaa kila upande wa mshono, na kutu huanzia hapo hapo. Kuchomelea kwa nukta, yaani kubana mabati kati ya ncha mbili za shaba na kupitisha umeme, njia kuu ya viwanda vya magari, kulifikiriwa na kuachwa. Kunataka umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na laini ya eneo hilo haikuweza kuumudu. Tena zinki huungana na shaba ya ncha za mashine, zikaharibika upesi. Leza ilionekana kuwa jibu. Mshono wake una upana wa karibu milimita moja tu, kwa hiyo zinki ya pembeni hubaki na kuendelea kulinda ule mstari mwembamba uliokosa mpako. Hoja hiyo ilikuwa sahihi wakati ule na bado ni sahihi.

Majaribio yaliyoleta imani

Muuzaji alileta mashine ya leza ya nyuzi (mwale wake husafiri ndani ya uzi wa kioo) ya wati 1,500, aina ya kushikwa mkononi, akachomelea vipande mbele ya mafundi. Mishono ilitoka safi. Mzee mmoja, fundi mkongwe kuliko wote pale, alikibana kipande kwenye jiliwa akakipiga kwa tindo mpaka bati likachanika pembeni na mshono ukabaki mzima. Kwa fundi wa kuchomelea hakuna cheti kinachoshinda hicho, na mashine ikanunuliwa.

Kuna mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote siku ile. Vipande vya muuzaji vilikuwa vya bati la magari lenye mpako mwembamba. Pia vingi viliungwa ukingo kwa ukingo, si bati moja kulalia jingine. Sakafu ya gari la wagonjwa, kwa mchoro wa karakana, ilikuwa na maungio ya kulaliana karibu kila mahali.

Kilichotokea kwenye sakafu ya kwanza

Mwale ulipoanza kutembea kwenye ungio la kwanza, sauti ilibadilika. Leza nzuri hufoka kwa mlio mmoja ulio sawa. Hii ilipasuka pa-pa-pa, na kila mpasuko ulirusha tone la chuma. Kabla mshono haujafika mwisho kioo cha kinga cha bunduki, yaani mkono unaotoa mwale, kilikuwa na madoa, na mwale ukaanza kudhoofika. Chuma kilipopoa ulionekana mstari wenye matundu mengine ya ukubwa wa kichwa cha pini, mengine makubwa ya kuonyesha mwanga upande wa pili.

Kijana aliyeshika bunduki alisema, "Mzee, chuma hiki kinatema." Mzee akamjibu kwamba chuma hakitemi, kinachotema ni kilichofungiwa ndani yake. Alikuwa amegusa kiini cha tatizo, lakini hakuna aliyemwuliza aendelee.

Fizikia ya tatizo

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 907. Chuma huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kwa hiyo chuma kinapofikia hali ya kuungana, zinki iliyo karibu yake imekwisha kuwa mvuke. Ile ya juu hupaa na kuondoka. Iliyo katikati ya mabati mawili yaliyobanwa barabara haina njia ila kupitia kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka, nayo hupita kwa nguvu.

Nguvu hiyo inahesabika. Zinki inapogeuka mvuke kwenye joto lake la kuchemka, ujazo wake huongezeka zaidi ya mara elfu kumi. Milimita moja ya mraba ya ungio yenye mikromita 40 za zinki (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hutoa mvuke wa zaidi ya milimita 400 za ujazo. Mvuke wote huo hutafuta pa kutokea katika sehemu ndogo ya sekunde, kupitia dimbwi lisilozidi upana wa njiti ya kiberiti.

Maamuzi yaliyofuata, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa meneja wa uzalishaji: kuongeza nguvu na kupunguza mwendo. Sababu yake haikuwa ya kijinga. Dimbwi likiwa kubwa na likikaa muda mrefu bila kuganda, mvuke una nafasi ya kutoka na chuma kina nafasi ya kujifunga tena. Matundu yalipungua kweli, lakini hayakwisha. Badala yake joto lilitapakaa, bati likajikunja, na zinki ya upande wa chini ikaungua kwa upana uleule wa mashine ya zamani. Faida yote ya kununua leza ilikuwa imepotea, na mshono bado ulikuwa na matundu.

Uamuzi wa pili ulitoka kwa mafundi wenyewe: kuisaga zinki kwa jiwe la grainda kwenye ungio kabla ya kuchomelea. Mishono ilitoka mizuri mno. Kama lengo lingekuwa uimara peke yake kisa kingeishia hapo. Lakini jiwe la grainda halijui kuondoa mikromita chache. Liliacha ukanda mpana usio na mpako, ndani ya ungio ambamo rangi haifiki na maji ya klorini hufika. Nilipinga njia hii tangu mwanzo na bado naipinga kwa sakafu ya aina hii. Mteja analipia bati la zinki, na fundi anamvua nguo mahali anapozihitaji zaidi.

Uamuzi wa tatu ulipendekezwa na idara ya ununuzi: kurudi kwenye bati tupu na kutegemea rangi. Ulikataliwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya klorini.

Kilichofungua njia ni kifaa kidogo kilichokuwa kwenye droo ya fundi wa kupaka rangi. Kilikuwa kipimo cha sumaku cha unene wa rangi, ambacho hupima mpako wowote usio wa sumaku juu ya chuma. Zinki haina sumaku. Kilipowekwa juu ya bati jipya lisilopakwa rangi, kilisoma karibu mikromita 20 kwa kila upande. Kwenye vipande vya majaribio vya muuzaji, vilivyokuwa bado rafuni, kilisoma 7.

Karatasi za mzigo zikatafutwa. Bati la karakana lilikuwa la daraja la Z275, yaani gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Hilo ni bati la ujenzi, linalopatikana kwa urahisi Kampala na Jinja. La muuzaji lilikuwa Z100. Mabati mawili ya Z275 yakilaliana, katikati yake kuna mikromita 39 hivi za zinki; yakiwa ya Z100, ni 14.

Mhasibu aliyelinunua alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja nzuri: zinki nyingi, kutu kidogo. Kwa kutu alikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba herufi moja na tarakimu tatu kwenye ankara zinaamua kama mshono wa leza utashika.

Homa ya zamu ya usiku

Wakati hayo yakijadiliwa, vijana wawili wa zamu ya usiku waliugua: baridi, homa, viungo kuuma, na ladha ya chuma mdomoni. Walidhani ni malaria, na mmoja alikwishaanza kunywa dawa. Kipimo hakikuonyesha vimelea, na kesho yake wote wawili walikuwa wazima.

Hiyo ni homa ya moshi wa metali. Mvuke wa zinki ukikutana na hewa hugeuka oksaidi ya zinki, unga mweupe mwepesi sana. Dalili huanza saa kadhaa baada ya kuuvuta na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa kuwa huja baada ya kazi, mgonjwa anapokuwa nyumbani, katika nchi yenye malaria ni rahisi sana kuichanganya nayo. Kuanzia Katwe hadi Busia mafundi huamini maziwa. Mama mwenye kibanda karibu na geti la karakana alikuwa na wateja wa kudumu wa maziwa kila jioni kwa sababu hiyo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaingii mapafuni na hayazuii homa hii. Kinachoizuia ni kuufyonza moshi kwa bomba ukiwa bado penye mshono, kabla haujafika puani.

Karakana ilifunga bomba la kufyonza lenye mdomo uliokaa karibu na bunduki. Kwanza walijaribu feni ya kupuliza, ikapeperusha agoni, gesi inayokinga dimbwi na mishono ikawa myeusi, kwa hiyo ikaondolewa.

Nigusie macho hapa, kwa kuwa niliona jambo lililonitisha. Fundi mmoja alikuwa akitumia kofia yake ya kawaida ya kuchomelea. Mwale wa leza ya nyuzi una urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,070. Hauonekani, na lenzi ya jicho huukusanya moja kwa moja hadi kwenye retina. Kioo cheusi cha kofia ya kawaida hakikutengenezwa kwa ajili yake, na bati jipya la zinki hung'aa na kuurudisha mwale upande usioutarajia. Kazi ilisimamishwa mpaka miwani iliyoandikwa urefu huo wa wimbi ikapatikana na kibanda cha kuta za bati lililopakwa rangi isiyong'aa kikajengwa. Meneja alilalamikia siku zilizopotea. Naziona zilitumika vizuri kuliko siku nyingine zote za mradi huo.

Mwanya

Dawa ya mvuke uliofungiwa ni kuufungulia njia. Ukiacha mwanya wa milimita 0.1 hadi 0.2 kati ya mabati mawili, zinki hutokea pembeni na dimbwi hubaki tulivu. Mwanya ukiwa mdogo zaidi, matundu hurudi. Ukizidi sana, chuma cha bati la juu humwagikia ndani, mshono hulegea na kubonyea, au mabati hayaungani kabisa.

Viwandani vinundu vya kuachia mwanya hutengenezwa kwa leza yenyewe kabla ya kuchomelea. Karakana hii ilitumia mashine ya mkono yenye wenzo na ncha ya chuma kigumu. Bati la chini hupigwa kutoka nyuma, kikainuka kinundu cha milimita 0.15, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya sentimita nne hivi kando ya mstari wa mshono. Wenzo una kizuizi cha skrubu ili kila pigo liwe na kina kilekile. Vibano hukandamiza mabati juu ya vinundu, na vinundu ndivyo vinavyoamua mwanya.

Fundi aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa mwanamke aliyetoka idara ya kukunja mabati. Alizoea kupitisha ukucha juu ya kinundu kabla ya kukipima kwa saa ya kupimia, yaani kipimo chenye mshale, na mara nyingi ukucha na saa vilikubaliana.

Sambamba na hilo, mchoro ulibadilishwa. Pale ukuta unapokutana na sakafu, mabati yalikunjwa juu yakasimama pamoja na kuchomelewa kwenye ukingo, ambako sehemu kubwa ya zinki hutokea juu bila kupita kwenye dimbwi. Mahali pengine maungio ya kulaliana yalifutwa na kuwa ya ukingo kwa ukingo. Njia hiyo ya mwisho ina historia yake: mwaka 1985 Thyssen iliunga mabati yaliyopakwa zinki kwa leza kwa ajili ya sakafu ya Audi 100, kwa sababu hakukuwa na bati la zinki lenye upana wa kutosha. Ukingo kwa ukingo hakuna tabaka la zinki lililonaswa katikati, kwa hiyo hakuna cha kulipuka.

Matokeo

Mishono ya kulaliana iliyokuwa na vinundu ilitoka bila matundu ya kuonekana. Vipande vya sampuli vilikatwa, vikasuguliwa kwa msasa hadi kung'aa, na kupakwa asidi ya naitriki iliyochanganywa na spiriti ili umbo la mshono lionekane. Vilionyesha muungano kamili, na vipovu vichache vidogo tu. Zinki ya upande wa nje ilibaki hadi karibu kabisa na mshono. Oda ilikamilika, ingawa kwa kuchelewa.

Mawili hayakwenda sawa. Ncha ya kupigia vinundu ilichakaa polepole, vinundu vikafupika, na siku moja mlio wa pa-pa-pa ukarudi. Hakukuwa na ratiba ya kuipima ncha, na tangu hapo kinundu cha kwanza cha kila asubuhi hupimwa na kuandikwa. La pili lilikuwa zito zaidi. Mwanya unaotoa mvuke ndio huo huo unaovuta maji. Magari ya mwanzo yalizibwa kwa mastiki, yaani gundi ya kuzibia maungio, upande wa juu tu, na maji ya klorini yaliyopita pembeni mwa zulia yakaingia kutokea chini. Yalirudishwa yakazibwa pande zote mbili. Mastiki inawekwa baada ya kuchomelea. Ikiwekwa kabla huungua na kutoa gesi ndani ya mshono, na tatizo linarudi kwa jina jingine.

Uchambuzi

Ukitazama mfululizo wa maamuzi, unaona kwamba saa nyingi zilitumika kwenye vitufe vya mashine ilhali tatizo lilikuwa limeamuliwa mezani na dukani: mezani kwa mchoro wa maungio ya kulaliana, dukani kwa bati la Z275. Hakuna kiwango cha wati kitakachoiondoa zinki isiyo na pa kwenda. Haya ni maoni yangu, na najua wapo wanaofanikiwa kwa miale miwili au kwa kuchezesha mwale, lakini hizo ni mashine za roboti zenye vibano vya gharama kubwa. Kwa karakana yenye bunduki ya mkononi, anza na ungio, kisha mpako, na mashine ije mwisho.

Majaribio ya kununua mashine yalifeli mapema kuliko yote, ingawa kila kipande kilifaulu. Yalipima mashine ya muuzaji kwenye bati la muuzaji na ungio la muuzaji. Kama karakana ingempa bati lake yenyewe, likiwa limelaliana na kubanwa kama sakafuni, kasoro ingejitokeza siku ile ile mbele ya Mzee na tindo lake.

Kilichofanya kazi vizuri, na ambacho ningependa karakana nyingine zikiige bila kusubiri, ni kipimo cha mpako kuhamia kwenye mlango wa stoo. Sasa kila mzigo wa bati hupimwa kabla ya kusainiwa, na namba ya daraja huandikwa kwa chaki kwenye bati la juu. Bati la Z275 halikatazwi. Linapelekwa kwenye kuta zinazounganishwa kwa riveti, ambako uzito wa zinki ni faida tupu. Mhasibu alipewa mstari mmoja wa kuandika kwenye kila oda ya bati la sakafu: Z100, si zaidi.

Kuhusu watu, Mzee alisema neno la maana dakika ya kwanza na likapita. Baadaye alipoulizwa alieleza kwamba mabomba ya maji ya zinki humtemea hivyo hivyo yakifungwa pande zote mbili, na kwamba siku zote hutoboa tundu la kupumulia kwanza. Ujuzi ulikuwapo karakanani tangu mwanzo, ila kikao cha kwanza hakikumwita.

Mpako wa aina nyingine

Baada ya oda hiyo mteja mmoja aliomba mlango wa pembeni upanuliwe, kazi iliyomaanisha kukata nguzo ya kabini na kuichomelea upya. Vijana walitaka kutumia leza na vinundu. Mwongozo wa matengenezo ya bodi ulionyesha kuwa nguzo hiyo ni ya chuma cha boroni kilichokandamizwa kikiwa moto, chenye nguvu ya karibu megapaskali 1,500, na kimepakwa alumini na silikoni.

Hapo mwanya hausaidii. Alumini haitoroki kama zinki. Huyeyuka na kuchanganyika na chuma cha mshono, ikaacha sehemu laini zisizoweza kufanywa ngumu. Viwandani tabaka la juu la alumini huondolewa kwa leza kwenye kingo kabla ya kuunga, kisha bati lote huingia tanuri na kukandamizwa. Nguzo iliyokwisha kufanywa ngumu kwa njia hiyo haina nafasi hiyo. Joto la mshono huilainisha pembeni, na karakana haina tanuri la kuirudishia ugumu wake mahali ambapo inatakiwa kumlinda mtu gari likibiringika.

Oda ya kupanua mlango ilikataliwa. Mlango ulibaki na upana wake wa kiwandani, na reli ya machela ikasogezwa ili mgonjwa aingizwe kwa nyuma.